Mguu wa Nalongo

Harufu ya majani ya mgomba yakifunuliwa jikoni, mvuke ukipanda na matoke yakiwa yameiva njano ndani yake, hunisimamisha. Si kwamba huwa nimekaa. Mimi kukaa sijui. Wanaonijua hapa Bugolobi watakwambia kwamba huyu mtu anakula akitembea, anaweka sahihi akitembea, na kinyozi wake humfuata na mkasi. Lakini harufu ile ikinipata, miguu hugoma. Nasimama mlangoni mwa jiko la hoteli yangu, na nikisema yangu nina maana nimeijenga mimi, ghorofa tatu, na yule injinia aliyesema nguzo hazitabeba sasa anakuja kula pale kila Ijumaa. Wapishi huweka miiko chini wakidhani nimeona kosa. Hakuna kosa. Nipo Namuwongo, nina miaka minane hivi, na mama yangu anaungua vidole akifunua jani.

Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Malori yangu yanafika Juba na Goma na dereva hawezi kunidanganya hata lita moja ya dizeli, elimu hiyo inanitosha. Haya ninayowaambia sikufundishwa na mtu. Niliyaona kwa macho, na nilikawia sana kuyaelewa.

Tulikaa bondeni, reli inakopita, nyumba ya vyumba viwili ya udongo na bati. Baba na mama walitoka ng'ambo, upande wa Busia ya Kenya, Baba akafuata kazi. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja kule juu, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili. Ilikuwa miaka ile ya serikali ya wanajeshi. Sisi watoto tulijua magari kwa masikio, na mimi nilikuwa bingwa wa mtaa mzima. Ningekwambia hilo ni lori la mkaa, hilo ni landrova linapanda kambini Mbuya, na hilo ni gari dogo ambalo afadhali usilijue. Gari likipunguza mwendo, vinu vilinyamaza, redio zilizimwa, hata mtu aliyekuwa akigombana na mkewe aliacha neno katikati. Likipita, vinu vilianza tena, lakini taratibu, kama vinaomba ruhusa.

Asubuhi moja Baba alitoka na chupa yake ya chai, hakurudi. Mwenzake wa kazini alikuja siku ya pili. Hakufika mlangoni, alisimama kwenye kona akamwita mama kwa mkono. Alimwambia kwamba Baba aliitwa nje ya geti na watu waliovaa vizuri, akaingia gari lao. Alisema yote hayo akitazama viatu vyake, kisha akaenda zake, na sikumwona tena mtaani kwetu.

Tangu hapo mama hakutulia. Alifagia uwanja mpaka mizizi ikaanza kuonekana. Alikunja shati la Baba, akalikunjua, akalikunja. Alienda geti la kiwanda, akafukuzwa, akarudi akashika ufagio kabla hajavua kitambaa kichwani. Chakula alipika, ndiyo, kwa ajili yangu. Yeye alifinyanga tonge, akalishika, akalirudisha sahanini kama mtu aliyebadilisha nia dukani. Na hakulia. Hata chozi. Nilimuuliza siku moja mbona halii kama mama za watu.

"Nikilia nimemzika," alisema. "Sijaona maiti. Simzikii mtu hewani."

Gauni lake la kanisani lilianza kumning'inia. Mifupa ya shingo ikatokeza. Sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu: hofu yangu haikuwa tena kwa Baba. Baba alikuwa ameshaondoka. Hofu yangu ilikuwa kwamba mama naye anaondoka, kidogo kidogo, humo humo ndani, mbele ya macho yangu, na mimi sina la kumfanya.

Ndipo akaanza kubisha milango ya majirani kuuliza kama kuna aliyeona lile gari. Hapa lazima mwelewe kitu. Majirani zetu wengi walikuwa Waganda, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kambini. Kiswahili kikibisha mlango, watu hawakuuliza ni nani, walitafuta dirisha. Na mama yangu Kiganda hakukijua, sauti yake ilikuwa nzito, kanisani aliimba upande wa wanaume. Basi alisimama mlangoni kwa Nalongo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akagonga kwa ngumi na kusema:

"Fungua. Nataka kukuuliza jambo moja tu."

Ni maneno yale yale ya watu wa magari wanapokuja kuchukua mtu. Ndani kulianguka sufuria. Halafu upande wa nyuma tukasikia kishindo, kuku wakapiga kelele, na sauti ya mtu akimwita Bikira Maria. Tulizunguka nyumba mbio. Nalongo alikuwa amelala chali kwenye matuta ya viazi vitamu, chini ya dirisha lake, gomesi, gauni lao refu, limempanda magotini.

Alikuwa mama wa mapacha, ndiyo maana ya jina lile la heshima, ila mapacha wenyewe walikuwa watu wazima na walishakimbilia kijijini. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, mwenye habari za kila nyumba.

"Mama Wafula, ni wewe?"

"Ni mimi, Nalongo."

"Peke yako?"

"Na mtoto."

"Sasa kwa nini unaongea kama selikali?"

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama papai. Tulimkokota ndani, mama akamkanda kwa maji ya moto na kuufunga kwa kitambaa cha buluu. Nalongo alilalamika kwa lugha mbili. Alisema hawezi kusimama, hawezi kupika, atakufa na njaa na watoto wake hawatajua.

"Nimekuangusha mimi," mama alisema, "nitakupikia mimi."

Siku ile ile alimpelekea ugali na dagaa. Nalongo alifunua sahani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Posho," alisema. Ndivyo wanavyouita ugali, na kwao ni chakula cha jela. "Nimefungwa? Kosa langu nini?"

Kesho yake mama alitafuta matoke. Aliyamenya na kuyachemsha kama viazi, bila jani. Nalongo aliyabonyeza kwa kidole.

"Hii umefua," alisema. "Haya, lete maji ninawe. Na wewe nawa."

"Mimi nimeshiba, Nalongo."

"Umeshiba nini, ufagio? Nakusikia unafagia tangu jogoo. Mimi kula peke yangu siwezi, chakula nakwama hapa. Wewe hapana kula, mimi hapana kula. Peleka nyumbani."

Mama alisimama, akakaa, akasimama. Nje gari lilipita, sote tukangoja lipite. Kisha akanawa. Alimega kipande kidogo, akakiweka mdomoni, na nilimwona akitafuna. Nilitafuna naye, mdomo mtupu. Akamega kingine. Nalongo hakumtazama hata kidogo, alikuwa anatukana matoke, anatukana bei ya matoke, anatukana mwenye shamba aliyeyapanda, na huku mama anakula.

Walipomaliza, Nalongo aliweka mikono mapajani na kusema, "Webale kufumba." Asante kwa kupika. Hawa ni watu wanaoshukuru kila kitu. Ukilima shamba lako mwenyewe anayepita anakushukuru kwa kulima, ukirudi kwako anakushukuru kwa kurudi. Na aliyepika naye humshukuru mgeni kwa kula. Anasema webale kulya. Mama hakujua. Alijibu, "Karibu," Nalongo akasonya, akaona amfundishe kwa vitendo. Alimwinamia, akalainisha sauti, na akachanganya Kiganda chake na Kiswahili kile kidogo alichokuwa nacho.

"Na wewe, Mama Wafula. Asante kulya."

Mama aligusa shavu lake. Lilikuwa kavu.

"Silii," alisema.

"Nimeona mimi na macho. Umelya kidogo tu, lakini umelya. Kesho utalya zaidi."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimecheza na watoto wa Kiganda kwenye reli tangu najua kutembea. Nilijua kwamba kulya ni kula, na kwamba kulia kwetu sisi wao husema kukaaba. Nilifungua mdomo nirekebishe. Halafu nikaona kidevu cha mama kinatetemeka, nikaufunga.

Alilia. Hakulia kama kwenye msiba, hakupiga mayowe. Alilia kama mtu anayetapika, kwa nguvu, ameshika meza, na Nalongo akanigeukia macho yamemtoka.

"Nimesema nini?"

"Amesikia kukaaba," nilimnong'oneza.

Nalongo alijiziba mdomo. Mpaka leo sijui kama alitaka kucheka au kulia yeye pia. Mama alipopata pumzi alisema, "Nimemlilia. Nimemzika, Nalongo. Nimemzika baba Wafula kwa mdomo wangu."

"Nani umezika? Hiyo ni pilipili. Pilipili inatoa watu machozi."

"Hakuna pilipili kwenye matoke."

"Kesho tutatia," alisema Nalongo, akampa ncha ya gomesi lake ajifute.

Mama alirudi nyumbani mchana ule, akajilaza ili anyooshe mgongo, na akalala. Alilala mpaka treni ya jioni ikapita na kutikisa bati. Nilikaa karibu na mkeka nikihesabu pumzi zake kama mlinzi. Ulikuwa usingizi wa kwanza niliouona kwake tangu Baba apotee.

Basi ikawa kazi. Kila asubuhi mama alikuwa na mtu wa kumshughulikia. Alijifunza kufunga matoke kwa majani, kuyageuza, kuyaminya moto kwa kiganja, na kila siku Nalongo alipata kasoro mpya. Leo maji, leo moshi, leo jani la mgomba mbaya. Mama alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ile ilimrudishia damu usoni. "Huyu mwanamke ana mdomo," alisema, "subiri nimpikie mchuzi wa karanga, atakosa la kusema." Alizunguka mpaka Nakawa kutafuta chumvi, na chumvi siku zile ilifichwa kuliko bunduki. Siku moja nikamsikia akiimba bezi yake huku akimenya. Sisemi alipona. Lori likipunguza mwendo bado aliweka kisu chini. Geti la kiwanda bado aliliendea, na bado alifukuzwa. Lakini alikula, kwa sababu alilazimishwa kula na mgonjwa, na mifupa ya shingo ikaanza kurudi ndani.

Mimi sasa ndiye niliyekosa raha. Chumvi yetu ilikuwa inaishia kwa jirani. Kipande kizuri cha samaki kilienda kwa jirani. Nilikaa nikimkodolea macho yule mama mnene anavyomumunya mwiba, na kwa kuwa mimi tangu utoto si mtu wa kuibiwa, nilianza kumchunguza. Ndipo nikaona kitambaa cha buluu. Kilikuwa kwenye mguu wa kulia.

Nilijiambia labda nimekosea. Nikamvizia. Asubuhi moja nilikuwa chini kwenye chemchemi, nyuma ya migomba, nikamwona Nalongo anapanda kilima na debe la maji kichwani, bila kulishika, anasalimia watu kushoto na kulia, anatembea kama askari wa gwaride. Alipokaribia kona ya nyumba yetu alishusha debe, akalificha kwenye majani, akafunga kitambaa na kuanza kuchechemea.

Nilikimbia. Mama alikuwa amechutama akifunga matoke, jani moja mdomoni.

"Mama, Nalongo mzima. Nimemwona na debe. Anatudanganya, anakula chumvi yetu bure."

Alitoa jani mdomoni, akalifunga mahali pake, akakaza kamba.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ni siku nyingi. Hata mguu wenyewe anausahau ni upi." Alinishika sikio, si kwa kuniumiza, akanivuta karibu. "Sasa wewe nyamaza, Wafula. Usije ukamponya."

Mchana ule tulienda kama kawaida. Nalongo aliketi kwa kuugulia, ameshika goti.

"Pole na mguu," mama alisema.

"Leo unaniuma sana. Hii baridi."

Jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamelala kwenye mitaro. Nilimtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Nilifikiri wote wawili wamerukwa na akili. Walinawa, wakala, mmoja akashukuru kwa kupikiwa na mwingine akashukuru kwa kuliwa chakula chake, kwa sababu kufikia hapo mama alikuwa ameshajifunza kujibu.

Mguu ule uliugua mpaka wanajeshi wale walipokimbia. Asubuhi mizinga ilipoanza kusikika tulitoka sote na vifurushi, tukafuata reli, na Nalongo alitembea mbele ya kila mtu akitupigia kelele tuharakishe. Hakuna aliyetaja mguu. Tuliporudi, aliuliza kama mama ana matoke.

Baba hakurudi. Nimemtafuta mimi mwenyewe, na mimi nikitafuta kitu hata polisi huniuliza nimekipata vipi, lakini huyu sikumpata, wala kaburi. Mama alizeeka kule kule Namuwongo, akawa anapikia kila aliyejifungua na kila aliyefiwa bondeni kote. Alikufa mzee, amenenepa, na mapacha wa Nalongo walibeba jeneza. Watu walisimama wakasema alikuwa na moyo wa kutoa. Mimi nikakumbuka ufagio.

Kilichonichelewesha kuelewa ni mafanikio. Nilijenga kule juu Mbuya, nyumba ambayo geti lake tu ni bei ya mtaa. Watoto wako Nairobi na Dubai, mke wangu yuko kwa watoto. Meza yangu ya kulia ilisafiri kwa meli kutoka Italia, na mimi nakula nimesimama kando yake. Mwaka juzi usingizi ulinikimbia. Daktari akanipima presha, na nawaambia ilikuwa presha kubwa mpaka akaita wenzake waje kuona. Akaandika vidonge. Akasema, "Tulia, mzee." Ningemuuliza kunatuliwaje, angekosa jibu, na amesoma Ulaya.

Nilianza kwa bahati tu. Mlinzi wangu, Mzee Ocen, mtu wa Kitgum, alikuwa na mafua, nikampelekea chakula getini mwenyewe kwa sababu mpishi alikuwa likizo. Alisogea kwenye benchi lake. "Kaa, bosi," akasema, "mimi siwezi kula na mtu amenisimamia kama afande." Nikakaa. Tukala. Nilipoinuka niligundua kwamba kwa muda ule wote sikuwa nimesikiliza gari hata moja. Usiku ule nililala.

Tangu hapo kila mchana nateremka na sahani mbili. Nazichukua jikoni mimi, sitaki kubebewa. Presha imeshuka, daktari anasema ni vidonge vyake, na namwacha ajisifu, mtu wa kujisifu namwelewa vizuri. Lakini mimi najua, na sasa mnajua na nyinyi. Siku zile nilidhani mama anamlisha Nalongo. Kisha nikakua, nikadhani Nalongo ndiye aliyekuwa akimlisha mama, kwa hila ya mguu. Ni juzi tu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mlinzi, ndipo niliposhindwa kujua ni nani aliyekuwa anakula na nani aliyekuwa anapika, nikaona labda nao hawakujua, na labda hilo ndilo lililowaponya.

Juma lililopita niliteremka mapema kuliko kawaida. Mzee Ocen alikuwa anafuta mdomo. Aliponiona aliinuka haraka, akakaa, akapokea sahani yangu kwa mikono miwili, akala polepole sana, tonge kwa tonge, mpaka akaimaliza. "Asante kupika, bosi," alisema, ingawa anajua vizuri sijawahi kushika mwiko.

"Asante kula, mzee," nilimjibu.

Chini ya benchi, nyuma ya viatu vyake, palikuwa na bakuli lake mwenyewe la bati, tupu, bado lina mafuta ya mboga. Nikatazama barabarani. Kisha nikausogeza mguu wangu, taratibu, nikaliziba.